Sauti ya Mama Hamira

Kila siku baada ya shule, Kasuku alipitia kazini kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Baba yake alikuwa kinyozi. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye kioo kilichopasuka pembeni, viti viwili vya kunyolea na benchi refu ukutani. Si wote waliokaa kwenye benchi lile walifuata kunyolewa. Wengine walikuwa na vipara tangu Kasuku hajazaliwa, na bado hawakukosa kufika. Walichofuata ni mazungumzo.

Mlangoni baba alibandika karatasi iliyoandikwa: "Siasa na dini ziache nje pamoja na matope." Matope kweli yaliachwa nje. Siasa na dini ziliingia ndani, zikakaa kwenye benchi, zikakunja nne.

Bwana Chaja, fundi wa simu wa jirani, aliamini kila kitu kilichomfikia kwa simu. "Redio ina mhariri, gazeti lina mwenyewe," alizoea kusema. "Simu haina bosi. Simu haidanganyi." Fundi viatu aliona simu hizo hizo ndizo zilizoleta ukame, maana watu siku hizi waliziinamia kuliko walivyomwinamia Mungu. Naye Mwalimu, aliyestaafu zamani lakini jina la kazi likambakia, aliwasikiliza wote akiwa na gazeti mapajani, kisha akatoa hukumu kwa sauti ya darasani. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, kwa hiyo hukumu zake zote ziliishia mahali pamoja: chama cha Ndoo kitashinda, na chama cha Ngazi ni cha wahuni. Fundi viatu alikuwa wa Ngazi. Hapo ndipo benchi lilipowaka moto.

Kasuku alikuwa msichana wa darasa la sita. Alikaa kwenye kona akifanya hesabu, ila masikio yake yalikuwa kwenye benchi. Jina la Kasuku alipewa na baba yake mwenyewe, kwa kuwa alijua kuigiza sauti ya mtu yeyote. Angeweza kukohoa kama Mwalimu, akacheka kama Bwana Chaja na kuomba dua ndefu kama fundi viatu, na ukifumba macho ungeapa kwamba wote watatu wamo chumbani.

Mtu mmoja tu aliingia pale bila kuacha maoni yoyote. Huyo ni Mama Hamira, mjane aliyeoka mikate kwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake. Alasiri alipita na kapu la mikate iliyobaki. Watu wa benchi walimchokoza kila siku.

"Mama, wewe ni wa Ndoo au wa Ngazi?" Bwana Chaja angeuliza.

"Mimi ni wa unga," angejibu Mama Hamira.

"Basi tuambie la dini. Mvua inachelewa kwa dhambi za nani?"

"Mimi natia hamira, baba. Sitii maneno." Angepokea pesa ya mikate, angejifunga kanga vizuri na kuondoka. Watu wa vyama vyote na wa dini zote walikula mkate wake, na hakuna aliyejua anapiga kura wapi. Mama yake Kasuku alipolazwa hospitali mwaka uliopita, Mama Hamira ndiye aliyemlisha mtoto. Hakuwahi kulitaja tena jambo hilo.

Nyumbani, jioni baada ya chakula, Kasuku aliigiza benchi la kinyozi. Ndiyo ilikuwa burudani yao. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, msimu ule alishona bendera za Ndoo asubuhi na za Ngazi jioni, na alisema kitambaa hakina itikadi. Alipochoka alisukuma cherehani pembeni na kusema, "Haya Kasuku, tupe taarifa ya habari."

Jioni moja Kasuku alikuwa amekwisha kuwaigiza wote wa benchi. Baba alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Bado Mama Hamira!" alisema.

"Huyo si hasemi chochote?" Kasuku aliuliza.

"Ndiyo utamu wenyewe. Mfungue mdomo leo!"

Kasuku akajifunga kanga ya mama yake, akashusha pumzi, akatoa ile sauti ya polepole yenye mkwaruzo kidogo. "Nimenyamaza vya kutosha, wanangu. Hao wa Ndoo wote nawauzia mkate wa juzi. Na hao wanaosali kwa kelele utadhani Mungu ni kiziwi, wao nawatilia chumvi mara mbili, wapate kiu wanyamaze!"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kilichochekesha ni kwamba Mama Hamira asingeweza kusema maneno yale hata kwa kufa. Baba alikuwa ameshika simu; alikuwa amerekodi. "Lazima mjomba wako asikie," alisema, akabonyeza, sauti ikaenda kwa mjomba.

Mjomba naye akacheka, akaituma kwenye kundi la kazini kwake. Aliyeipokea huko hakumjua Kasuku, wala hakujua kama kuna mchezo. Alimjua Mama Hamira tu.

Siku chache baadaye, Kasuku aliingia kwa kinyozi akakuta benchi limeinamia simu ya Bwana Chaja. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe. Alisimama mlangoni na begi lake mgongoni.

"Nilisema mimi!" Bwana Chaja alipiga paja. "Mtu anayekaa kimya hivyo ana lake jambo. Leo kafunguka."

"Kumbe ni Ngazi wa kutupwa," alisema Mwalimu, akikunja gazeti. "Mnaona chuki ya hao watu? Mpaka kwenye mkate!"

"Ngazi gani?" fundi viatu aling'aka. "Sisi huko kwetu ndio tunaosali kwa sauti. Ametutukana sisi! Mimi mkate wake sili tena, na Jumapili nitawaambia wenzangu wote."

Kasuku alimtazama baba yake. Baba alikuwa amesimama na mashine mkononi, uso umempauka. Macho yao yakakutana kwenye kioo. Baba akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mtoto asiguse kitu cha moto, kisha akaendelea kunyoa.

Walipokuwa peke yao, Kasuku alisema, "Baba, tuwaambie ni mimi."

"Tukisema leo, watasema nimewafanya wajinga. Benchi lote litahama." Baba alikuwa anafagia nywele zilizokwisha kufagiwa. "Uchaguzi utapita, watu watapata lingine la kusema. Litapoa."

"Na Mama Hamira je?"

"Litapoa, nimesema."

Halikupoa. Mama Hamira alipita na kapu alasiri, na benchi lote likatazama ukuta. Kapu lilirudi limejaa. Kesho yake lilirudi limejaa tena. Wenye maduka waliokuwa wakichukua mikate yake wakamwambia wateja hawaitaki, na wao hawana la kufanya. Shuleni, mtoto mmoja alimwaga vipande vya mkate chini ya dawati la mwenzake akisema vina chumvi ya laana, na darasa zima likacheka. Mtoto yule yule alimwambia Kasuku, "Wewe unajua kuigiza, hebu mwigize yule bibi!" Kasuku alikimbilia chooni akatapika.

Mama Hamira alijaribu kujitetea. Alisimama mbele ya benchi, kapu kichwani, akasema, "Jamani, si mimi niliyesema maneno yale. Haki ya Mungu si mimi."

"Sauti si yako?" Bwana Chaja alimuuliza.

Mama Hamira alishusha kapu chini. "Sauti ni kama yangu," alisema mwishowe, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya. Wakacheka. Baba yake Kasuku aliwasha mashine ingawa kiti kilikuwa kitupu.

Jioni ile nyumbani hakuna aliyeomba taarifa ya habari. Mama alikanyaga cherehani bila kuinua kichwa. Kasuku alimwambia, "Mama, naumia." Mama akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Hata mimi, mwanangu," alisema. "Nilicheka kuliko wote." Kisha akaendelea kushona, kwa kuwa naye hakujua la kufanya.

Asubuhi moja, Kasuku akienda shule, aliona watu wamejazana nyuma ya nyumba ya Mama Hamira. Tanuri lilikuwa limevunjwa. Mlango wake wa bati ulitupwa mbali, matofali yametawanyika, na unga uliokuwa ndani ya mapipa umemwagwa kwenye majivu. Marehemu mume wake ndiye aliyelijenga tanuri lile kwa mikono yake. Watu walisimama wakapiga picha kwa simu zao. Hakuna aliyeinama. Mama Hamira peke yake alikuwa anaokota matofali, moja moja, na kuyapanga ukutani, ilhali mengi yalikuwa vipande visivyofaa kwa lolote. Alipomwona Kasuku alisema tu, "Utachelewa shule, mwanangu."

Siku nzima Kasuku hakusikia neno la mwalimu wake. Alasiri aliingia kwa kinyozi. Mteja mgeni alikuwa kitini, na Bwana Chaja alikuwa anampigia ile sauti ili naye asikie kisa cha tanuri.

"Izime," Kasuku alisema.

"Nini?"

"Izime. Huyo si Mama Hamira. Ni mimi."

Kisha, machozi yakiingia mdomoni, alitoa ile sauti. Nimenyamaza vya kutosha, wanangu. Neno kwa neno, mkwaruzo kwa mkwaruzo, mpaka mwisho. Mteja mgeni aligeuka kitini na povu shavuni.

Bwana Chaja ndiye aliyeanza. "Umefundishwa. Umesikiliza simu ukaikariri. Nani kakutuma umtetee yule mama?"

Kasuku alimtazama baba yake. Baba alikuwa amesimama na wembe mkononi, akiangalia sakafu, na kwa muda Kasuku aliamini kwamba baba yake atamwacha pale peke yake. Hofu ile hakuwahi kuisahau.

"Anasema kweli," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuwa michezo yetu ya nyumbani. Mimi ndiye niliyerekodi, mimi ndiye niliyetuma. Na mlipokuwa mnaisikiliza hapa, nilijua."

Fundi viatu alivua kofia. "Niliomba juu ya jambo hili," alisema. "Niliomba, kisha nikawaambia wenzangu wasinunue. Nikadhani Mungu ndiye aliyenijibu." Alitoka nje bila kuaga. Mwalimu alikunja gazeti lake mara mbili, akalitia kwapani, akatoka pia. Bwana Chaja alibaki akiitazama simu yake kama mbwa aliyemwuma bwana wake.

Jioni ile baba alimrekodi Kasuku akisema ukweli wote, akautuma ujumbe kwa kila mtu aliyemjua. Walikaa wakausubiri usambae. Ule wa kwanza ulienda mbio hadi miji ambayo hawajawahi kufika. Huu ulibaki pale pale ulipotumwa. "Watu hawautumi," Bwana Chaja aliwaeleza kesho yake, kwa aibu. "Hauchekeshi, wala haumuudhi mtu."

Ikabidi waende kwa Mama Hamira wenyewe. Walimkuta anafunga mizigo. Kasuku alipiga magoti sakafuni kabla hajaambiwa karibu. Baba ndiye aliyesema yote, na hakujipunguzia sehemu yake.

Mama Hamira alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya mfuko uliofungwa nusu. "Nilipoisikia mara ya kwanza," alisema, "hata mimi nilishtuka. Nilijiuliza, je, nilisema lini? Labda usingizini. Nilikaa siku kadhaa nikijiogopa mwenyewe."

Kasuku alilia kwa sauti.

"Nyamaza, mwanangu. Nimekusamehe, na wewe pia, kaka. Lakini tanuri halijengwi kwa msamaha."

"Tutalijenga," baba alisema haraka. "Fundi viatu na wenzake wamekwisha kuleta matofali. Yako hapo nje."

"Nimeyaona. Mungu awabariki. Lakini aliyelivunja alikula mkate wangu, kaka. Nimewalisha wote hapa, wengine tangu hawana meno. Nikioka kesho, nitampa nani nisimwogope?" Alikaza kamba ya mfuko. "Nakwenda kwa mdogo wangu. Ila sitaki kuacha jina langu nyuma likiwa chafu. Kama mnataka kunifanyia kitu, pigeni hodi mlango kwa mlango. Simu imeshindwa, nendeni kwa miguu."

Walikwenda. Kila siku baada ya shule, Kasuku na baba yake walibisha hodi nyumba moja baada ya nyingine, na kila mahali Kasuku alikiri, na walipomwomba ushahidi aliitoa sauti. Wengi waliona haya. Wengine walilia. Mwanamke mmoja alisema yote ni sawa, ila siku zote yule mama alikuwa na jicho la dharau. Mwingine aliwafungia mlango akisema Ngazi wamewalipa. Lakini mtaa mzima ulijua ukweli sasa, na hakuna aliyeweza tena kusema hakujua. Mama Hamira aliposafiri, watu walitoka kumsindikiza. Aliwapa mkono wote. Hakumwangalia mtu yeyote usoni.

Nyumba ya Mwalimu waliiacha mwisho kwa heshima. Aliwafungulia mwenyewe, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Mwalimu," Kasuku alisema. "Nimekuja kusema kwamba ile sauti—"

"Marahaba. Huna haja ya kuigiza, mwanangu. Najua."

"Ulikuwepo siku ile kwa kinyozi, ndiyo," baba alisema. "Lakini tumeamua kumfikia kila mtu."

"Nilijua kabla ya siku ile. Nilijua tangu nilipoisikia mara ya kwanza." Mwalimu alizungumza bila haraka, kama anayesahihisha daftari. "Nimekula mkate wa yule mama miaka yote. Hawezi kusema maneno yale."

Baba akauliza, "Sasa mbona uliituma? Watu wengi tuliowabishia hodi walisema wameipata kwako."

"Ilitufaa. Watu wetu wa Ndoo walikuwa wamelala, sauti ile iliwaamsha."

"Na tanuri, Mwalimu?" Kasuku aliuliza.

"Mimi sikuvunja tanuri," alisema Mwalimu. Akawatakia jioni njema, akafunga mlango taratibu.

Walishika njia ya nyumbani. Watu walikuwa wanatoka kazini, na wengi walitembea wakitazama simu zao, mwanga ukiwaangazia nyuso. Kasuku alitaka kumchukia Mwalimu. Alitaka baba aseme kwamba Mwalimu ni mtu mbaya kuliko wote, ili angalau kuwe na mtu mmoja wa kulaumiwa.

Baba alisimama. "Siku zote nilidhani uongo unatembezwa na wajinga," alisema. "Wale wasiosoma, wasiouliza. Leo nimeona. Mwalimu alijua akatuma kwa faida ya chama chake. Mimi nilijua nikanyamaza kwa faida ya benchi langu. Sioni tofauti kubwa kati yetu." Alimshika bega. "Wewe ulikosea kwa mchezo, ukaogopa, kisha ukasema kweli mbele ya watu wazima waliokuwa wanakuogopesha. Sikiliza, mwanangu, na ulishike hili hata kama mimi nimelijua kwa kuchelewa. Neno likikufikia, usiulize tu kama ni la kweli. Uliza litamwangukia nani. Na ukijua ni uongo, kukaa kimya ni kulituma."

"Atarudi, baba?"

Baba alifikiri kumdanganya, na Kasuku aliona anavyofikiri. "Hapana," alisema.

Usiku ule Kasuku alilala ameelekea ukutani akijaribu kumkumbuka Mama Hamira, jinsi alivyomwambia asichelewe shule, jinsi alivyomwita mwanangu. Maneno yote aliyakumbuka. Lakini sauti yenyewe haikuja. Kila alipoitafuta, iliyokuja ilikuwa ile yake mwenyewe ya kuigiza, na kwa jinsi ilivyofanana, hakuweza tena kujua ni ipi iliyokuwa ya kweli.